Kumfundisha Mtoto Kuumba Herufi kwa Mpangilio Unaofuata Mkono Wake

Mtoto wa miaka 4 au 5 anapoanza darasa la awali, mara nyingi kitu cha kwanza anachokabidhiwa ni daftari na penseli, na herufi ya kwanza anayotakiwa kuiandika ni a. Kwa sikio, uchaguzi huo ni mzuri, kwa kuwa irabu hiyo ni nyepesi na inasikika waziwazi katika mama, baba na dada. Kwa mkono, ni mzigo. Herufi a inamtaka mtoto aanze juu upande wa kulia, azunguke kuelekea kushoto, alifunge duara pale alipoanzia, kisha ashuke kwa mstari ulionyooka bila kuinua penseli. Mtoto ambaye hajaweza kuchora duara linalofungika ataijaza herufi hiyo ukurasa mzima, na atakapoufikia mwisho wa ukurasa atakuwa ameizoea kwa namna isiyo sahihi. Mwongozo huu unapendekeza kwamba mzazi au mwalimu aimarishe kwanza misuli midogo ya mkono, kisha apange herufi za kuandika kwa kufuata michoro ambayo mkono wa mtoto unaiweza. Sauti za herufi ziendelee kufundishwa kwa mpangilio wa shule kama kawaida, kwa sababu hakuna kinachomzuia mtoto kuisoma leo herufi atakayoiandika mwezi ujao.

Mkono wa mtoto unaweza nini, na lini

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa sehemu hiyo bado ni gegedu, yaani tishu laini ambayo haijawa mfupa, na mifupa hiyo hujitokeza mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi. Ule wa mwisho huanza kuwa mfupa mtoto akiwa na miaka 8 hadi 12. Kwa hiyo tunapomwekea mtoto wa chekechea mwandiko wa kuiga, tunafanya kazi na mkono ambao ujenzi wake haujakamilika.

Michoro nayo ina utaratibu wake. Kwa kawaida mtoto huweza kuiga mstari wa kusimama akiwa na miaka 2 hivi, na mstari wa kulala muda mfupi baadaye. Duara humjia karibu na miaka 3, msalaba karibu na miaka 4, mraba kati ya miaka 4 na 5, na pembetatu, ambayo inadai mistari ya mshazari, huanza kumkalia vizuri akiwa na miaka 5 au zaidi kidogo. Watoto hutofautiana, na miezi kadhaa mbele au nyuma si jambo la kumtia mzazi wasiwasi. Lililo muhimu kwa mwalimu ni huo mfuatano, kwa maana herufi zote zimeundwa kwa michoro hiyo hiyo, na herufi kama k, v, w, y na z, zilizojaa mishazari, haziwezi kutangulia.

Hatua ya kwanza: vidole vifanye kazi kabla ya penseli

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina vifaa vyote vinavyohitajika kwa hatua hii, na sioni sababu ya mzazi kutumia fedha dukani. Mtoto anayekula ugali kwa mkono, akamega, akalifinyanga tonge kwa ncha za vidole na kulibonyeza kwa kidole gumba ili lichote mchuzi, anafanya zoezi lile lile ambalo penseli italidai. Anayekaa na bibi yake kuchambua maharage au mchele juu ya ungo anatumia kidole gumba na cha shahada kubana kitu kidogo na kukiachia kwa wakati anaoutaka yeye, na huko kuachia ni kugumu kuliko kubana. Kumenya karanga, kuanika nguo ndogo kwa vibanio, kufunga vifungo vya shati na kutunga shanga kwenye uzi hujenga misuli hiyo hiyo. Pwani, ambako ukili, ule utepe wa majani wa kushonea mikeka, bado unasukwa majumbani, mtoto wa miaka 5 anaweza kupewa miyaa michache ya mkindu ajaribu kusuka karibu na mama yake.

Michezo isidharauliwe. Katika mdako mtoto hurusha kijiwe juu, huokota vingine chini kwa vidole vya mkono ule ule na kukidaka kile cha kwanza kabla hakijaanguka, na hapo jicho na vidole hulazimika kushirikiana kwa kasi ambayo daftari haliwezi kuidai. Gololi humfundisha kukitumia kidole gumba peke yake huku vingine vikiwa vimetulia.

Udongo wa mfinyanzi ni bora kuliko vyote pale unapopatikana. Usipokuwepo, changanya vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi, tia maji kidogo kidogo huku ukikanda mpaka unga ushikamane bila kunata mikononi, kisha mwachie mtoto asokote vijiti virefu, avikunje na kuvitengeneza maumbo. Vijiti hivyo ndivyo vitakavyokuwa herufi zake za kwanza.

Tahadhari moja: watoto walio chini ya miaka 3 wasiachiwe gololi, maharage wala shanga, kwa sababu huvitia mdomoni, puani na masikioni, na kitu kidogo kinaweza kuziba njia ya hewa. Hao wapewe kazi kubwa zaidi, kama kukanda unga, kuchana magazeti ya zamani na kukamua kitambaa kilicholowa.

Hatua ya pili: bega na kiwiko

Vidole haviwezi kutulia ikiwa bega linayumba. Mpe mtoto kipande cha chaki au mkaa achore ukutani au kwenye ubao uliosimama, usawa wa macho yake, michoro mikubwa ya mistari na miduara. Sehemu iliyosimama hukilazimisha kifundo cha mkono kujipinda kuelekea nyuma kidogo, na huo ndio mkao kitakaouhitaji wakati wa kuandika. Kama ukuta ni wa nyumba ya kupanga, brashi kuukuu na kopo la maji vinatosha, na michoro itakauka yenyewe kabla mwenye nyumba hajapita. Kulala kifudifudi juu ya mkeka na kuchora huku akijiinua kwa viwiko pia huimarisha mabega, na watoto wengi huupenda mkao huo kuliko kiti.

Hatua ya tatu: kukaa na kushika penseli

Madawati mengi ya shule za msingi yametengenezwa kwa watoto wakubwa, hivyo mtoto wa awali hukaa miguu ikining'inia na meza ikimfika kifuani. Weka tofali, boksi imara au kipande cha gogo chini ya nyayo zake ili miguu ipate pa kukanyaga, na meza iwe karibu na usawa wa viwiko vyake. Isipowezekana, aandike sakafuni juu ya mkeka. Ni afadhali huko kuliko kuning'inia.

Penseli ishikwe kwa kidole gumba na cha shahada, ikiegemea ubavu wa kidole cha kati, huku vidole viwili vilivyobaki vikijikunja ndani ya kiganja. Mtoto wa miaka 2 hushika kwa ngumi, wa miaka 3 hadi 4 huanza kutumia ncha za vidole lakini husogeza mkono mzima, na ni kati ya miaka 5 na 6 ambapo wengi huweza kuisukuma penseli kwa vidole peke yake. Usimlazimishe mtoto wa miaka 3 ashike kama wa miaka 6. Njia rahisi ya kumsaidia ni kumpa penseli fupi, iliyobaki sentimita 5 au 6, au kipande kifupi cha chaki, kwa kuwa kitu kifupi hakiachi nafasi ya ngumi na vidole vitatu hujipanga vyenyewe. Wazazi wengi hununua penseli mpya ndefu na kutupa vile vipande vilivyokwisha kuchongwa mara nyingi, ilhali vipande hivyo ndivyo vinavyomfaa mtoto.

Angalia pia nguvu anayotumia. Geuza ukurasa na upapase nyuma yake kwa kidole: ukisikia matuta ya herufi, mtoto anakandamiza kupita kiasi, na pengine ukimtazama utaona ncha ya kidole cha shahada imepauka na kiungo chake cha mwisho kimezama ndani. Mtoto wa namna hiyo huchoka baada ya mistari miwili na huonekana mvivu. Weka gazeti lililokunjwa chini ya karatasi, mwambie aandike bila kulitoboa, na umpe penseli yenye risasi laini inayoacha alama nyeusi bila kukandamizwa.

Karatasi isikae wima mbele yake. Anayetumia mkono wa kulia aiinamishe ili pembe ya juu ielekee kushoto kidogo, na anayetumia mkono wa kushoto aiinamishe upande wa pili, tena zaidi kidogo. Mkono usioandika una kazi ya kuishika karatasi.

Kuhusu mtoto wa mashoto, niseme bila kuzunguka: asibadilishwe mkono. Katika jamii zetu mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, kutoa na kupokea, na familia inaweza kuendelea kumfundisha adabu hizo, lakini kalamu si sahani, na kumlazimisha aandike kwa mkono usio wake humchelewesha na kumwondolea raha ya kuandika. Akae upande wa kushoto wa dawati ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Ashike penseli juu kidogo zaidi kutoka nchani, kama sentimita 3 au 4, aweze kuona anachokiandika, na azoee kuuweka mkono chini ya mstari badala ya kuupinda kwa juu.

Hatua ya nne: makundi ya herufi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tuanze na herufi ndogo, kwa sababu karibu kila neno ambalo mtoto atalisoma limeandikwa kwa hizo. Herufi kubwa ya kwanza iwe ile ya jina lake, na nyingine zitafuata polepole.

Kundi la kwanza ni l, i, t na u. Zote huanza juu na kushuka. Herufi l ni mshuko mmoja. I ni mshuko mfupi na nukta. T ni mshuko unaokatwa na mstari wa kulala. U hushuka, hupinda, hupanda na kushuka tena. Chagua maneno machache ya kuiongoza kila herufi, na watu wote nyumbani au darasani watumie maneno hayo hayo. Kwa u, kwa mfano, mtoto aseme kwa sauti anapoandika: "shuka, panda, shuka". Sauti humpangia mkono mwendo.

Kundi la pili ni la duara la kuelekea kushoto: c, o, a, d na g. Herufi c haiandikwi peke yake katika maneno ya Kiswahili, huja na h tu, lakini itangulize, kwa kuwa ndiyo mwanzo wa nyingine zote nne. Mtoto akiimudu c, o ni c iliyofungwa, a ni c iliyofungwa ikaongezewa mshuko, d ni a yenye mgongo mrefu, na g ni a yenye mkia. Usikimbilie a kabla o haijafungika vizuri mara kadhaa mfululizo. Hitilafu inayojitokeza mara nyingi ni mtoto kuzungusha duara kuelekea kulia; kwa macho herufi inaonekana sawa, hivyo wazazi huiacha, lakini baadaye hawezi kuiunganisha na mshuko na a yake hubaki duara na kijiti vilivyoachana. Ili kuligundua hilo ni lazima umtazame akiandika, maana kwenye daftari lililokwisha kuandikwa halionekani.

Makundi haya mawili yakikamilika, mtoto tayari anaweza kuandika maneno yenye maana: taa, tai, ua, dua, goti, dada, lala. Kiswahili kina bahati hiyo, kwamba silabi zake ni fupi na karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo herufi chache huzaa maneno mengi mapema. Mpe maneno hayo mara tu anapoyaweza, kwa sababu mtoto aliyeandika taa na baba yake akaisoma hatahitaji kubembelezwa kesho yake.

Kundi la tatu ni r, n, m, h, b na p. Mkono hushuka, hurudi juu kwenye njia ile ile, kisha hupinda kuelekea kulia. Kurudi kwenye njia ile ile ndiko kunakowashinda wengi. Huinua penseli na kuliweka tao pembeni, na n inakuwa vipande viwili. Tumia udongo au mchanga kwa kundi hili muda mrefu zaidi. Maneno yake ni mama, baba, bata, mti, paa, hodi, mpira.

Tofauti ya b na d huwasumbua watoto wengi, na kuandika herufi kwa kuigeuza kama kwenye kioo ni jambo la kawaida hadi karibu na miaka 7. Mpangilio huu hupunguza tatizo kwa sababu d imefundishwa wiki nyingi kabla, pamoja na a, na inaanza kwa duara, wakati b inaanza kwa mshuko pamoja na h. Mtoto akikosea, usimwambie tu kwamba tumbo linaangalia upande usio wake. Mwulize herufi hiyo inaanzia wapi, na mkono utakumbuka.

Kundi la nne ni la mishazari, v, w, y, z na k, ambalo lingoje mpaka mtoto aweze kuchora pembetatu inayotambulika. Baada ya hapo zinabaki e, s, f na j, ambazo kila moja ina tabia yake. Herufi e huanzia katikati kwa mstari wa kulala, na inahitajika mapema kwa ajili ya embe na pete, kwa hiyo mwalimu anaweza kuipandisha iende na kundi la pili kama watoto wake wanaiweza. Herufi s hubadili mwelekeo katikati ya safari, na ni kawaida ichelewe. Herufi q na x hazina neno la Kiswahili linalozisubiri. Ch, sh, ny na ng' ni herufi ambazo mtoto ameshazijua zikiwekwa pamoja, kwa hiyo hazihitaji somo la mkono, isipokuwa ritifaa ya ng'ombe ambayo aonyeshwe mahali pake.

Hatua ya tano: kutoka mchangani hadi kwenye karatasi

Kila herufi mpya ipite njia ile ile. Kwanza iumbwe hewani kwa mkono mzima. Mwalimu anayewatazama watoto usoni huwaonyesha herufi iliyogeuka bila kujua. Awape mgongo, ainue mkono, ili mkono wake uende upande ule ule wa mikono yao. Pili, iumbwe kwa kidole mchangani, au kwenye sinia yenye tabaka jembamba la mchanga au unga. Katika darasa lenye watoto wengi na madaftari machache, uwanja wa shule uliofagiliwa ni ubao wa kutosha kwa kila mtoto na kijiti chake.

Tatu, ipapaswe. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alitumia herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa. Unaweza kutengeneza zako kwa kuandika herufi yenye urefu wa sentimita 10 hivi kwenye kipande cha boksi kwa gundi, kisha ukanyunyizia mchanga mkavu na kukung'uta uliozidi. Chora nukta nyekundu pale mkono unapoanzia. Mtoto apitishe vidole viwili, cha shahada na cha kati, akitamka sauti ya herufi, ile ya kusomea silabi, wala si jina lake.

Ndipo ije karatasi: kwanza isiyo na mistari, kisha yenye mstari mmoja wa kukalia, kisha yenye nafasi pana za sentimita 2 au zaidi, ambazo unaweza kuzipata kwa kuikunja karatasi nyeupe mara kadhaa. Mistari myembamba ya daftari la kawaida ni ya darasa la pili huko.

Vitabu vya mazoezi vilivyojaa vitone vya kufuatisha vinapendwa sana, na vina nafasi yake kwa siku moja au mbili za mwanzo, lakini mimi huvipunguza. Mtoto anayefuata vitone huangalia kitone kinachofuata, naye anaweza kuanzia chini, akaruka, akarudi, na matokeo yakaonekana mazuri. Karin James na Laura Engelhardt walichapisha mwaka 2012, nchini Marekani, utafiti wao kwa watoto ambao hawajajua kusoma: sehemu za ubongo zinazohusika na usomaji ziliamka watoto walipoziona herufi walizokuwa wameziandika kwa mkono huru, lakini si zile walizofuatisha wala zile walizobonyeza kwenye kibodi. Herufi iliyopinda ambayo mtoto ameiumba mwenyewe ina faida kuliko iliyonyooka ambayo ameikwaruza juu ya vitone.

Muda uwe mfupi. Dakika 5 hadi 10 kila siku zinamtosha mtoto wa miaka 4, na wa miaka 5 au 6 anaweza kufika 15. Herufi moja iandikwe mara tano au sita kwa uangalifu, kisha mwambie mtoto aizungushie ile anayoiona nzuri kuliko zote na akueleze kwa nini. Raba ikae kwa mwalimu, la sivyo nusu ya muda itakwenda katika kufuta na karatasi itatoboka.

Wakati wa kutafuta msaada

Mtoto wa miaka 5 ambaye hawezi kuiga duara wala msalaba baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya mikono, anayeukwepa kila mchezo wa vidole, au anayelalamika kuumwa mkono kila anapoandika, apelekwe kituo cha afya, na macho yake yapimwe kwanza. Mtoto mchanga anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka mmoja aonwe na daktari mapema zaidi, kwa kuwa katika umri huo mikono yote miwili hutakiwa kufanya kazi sawasawa, na huenda ule mwingine una udhaifu. Hospitali kubwa, hasa za rufaa, huwa na wataalamu wa tiba kazi wanaoshughulika na matatizo ya namna hii. Unapokwenda, chukua daftari la mtoto na umweleze mtaalamu jinsi anavyofunga vifungo, anavyokula na anavyocheza, maana maswali yake mengi yatahusu hayo.